Kwa nini pumu yangu ilitulia wakati wa lokidauni ya 2020, na ya dada yangu ikazidi?

#1 Mkaazi wa Umoja (Nairobi)

Salamu, wanajamvi. Nina pumu tangu utotoni, na kwa miaka yote niliyofanya kazi katikati ya jiji sijawahi kutoka nyumbani bila inhela ya bluu mfukoni. Kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, nilijihesabu miongoni mwa watakaotangulia kaburini, kwa kuwa kila taarifa ya habari iliwataja wenye maradhi ya kifua. Kafyu ikaanza tarehe 27 Machi, kisha tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, mtu asitoke wala asiingie, na mwajiri wetu akafunga duka. Nikakaa nyumbani nikisubiri kubanwa, na wala sikubanwa. Kufikia Juni na Julai, miezi ambayo baridi ya Nairobi kwa kawaida hunilaza nikiwa nimeegemea mito mitatu, inhela ilikuwa kabatini nami nalala chali.

Dada yangu, ambaye tumeirithi naye pumu hiyohiyo kwa mama yetu, alikuwa upande wa pili wa jiji lilelile, chini ya kafyu ileile. Yeye alizidiwa hadi akakimbizwa hospitalini usiku zaidi ya mara moja. Tumebishana juu ya jambo hili tangu wakati huo, na kila mmoja ana sababu zake. Ningependa kusikia kutoka kwa wenye pumu na wanaowauguza: kwenu ilikuwaje, na mnadhani ni nini hasa kilichobadilika? Sitafuti maagizo ya dawa, maana daktari ninaye.

#2 Mla Vumbi (Nairobi)

Jibu unalo, mkuu. Uliacha kupanda matatu. Mtu anayesimama kila asubuhi kando ya Barabara ya Jogoo akivuta moshi mweusi wa dizeli, kisha akakaa miezi mitatu bila kuuvuta, hana haja ya kuuliza kwa nini kifua chake kimefunguka. Hukuziona picha za Mlima Kenya ukionekana kutoka Nairobi? Hewa ilikuwa safi kiasi hicho. Wasimamizi, mnaweza kuufunga uzi.

#3 Binti Tanga (Tanga)

Msiufunge kwanza. Sisi huku Tanzania hatukufungiwa. Mabasi yalitembea, bodaboda zilitembea, soko lilijaa, na hakuna aliyeulizwa anakwenda wapi. Hata hivyo pumu ya mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili, ilitulia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Kwa hiyo ndugu Mla Vumbi anieleze ni moshi gani uliopungua Tanga.

Kilichobadilika kwetu ni kimoja tu: shule zilifungwa katikati ya Machi na hazikufunguliwa kwa watoto wa msingi hadi mwishoni mwa Juni. Mwanangu hubanwa akipata mafua, na mafua huyaleta kutoka darasani, ambako wanakaa watatu kwenye dawati moja. Hakukuwa na darasa, hakukuwa na mafua, na kifua kikanyamaza. Zilipofunguliwa, haukupita muda akarudi na makamasi, na usiku nikaanza tena kusikiliza miluzi ya kifua chake.

Niongeze jambo moja kuhusu kujifukiza, kwa sababu najua litakuja. Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, alinibembeleza nimfunike mtoto blanketi juu ya sufuria ya mwarobaini, mchaichai, tangawizi na limau. Nilikubali tukae karibu na sufuria bila blanketi. Ule mvuke mkali ulipompata puani alianza kukohoa kikohozi kile kikavu ambacho kila mama wa mtoto mwenye pumu anakijua, nikaiondoa sufuria. Wengine wanasema kuliwasaidia, nami siwabishii, lakini mtoto wangu hakuuweza.

#4 Mfamasia wa Kaunta (Mombasa)

Nashukuru kwa mada. Naomba niongeze sababu ya tatu ambayo mimi niliiona nikiwa nyuma ya kaunta.

Wagonjwa wengi wa pumu hapa kwetu hununua inhela ya bluu peke yake, yaani salbutamoli. Hiyo hulegeza misuli ya njia za hewa kwa saa chache, mtu akapumua, akadhani amepona. Ugonjwa wenyewe ni uvimbe ndani ya njia hizo, nao hutulizwa na inhela ya kila siku yenye steroidi, ambayo wengi huijua kwa rangi ya kahawia. Kwa miaka mingi niliwaeleza wateja na wakaniona nataka kuwauzia chupa ya pili. Mwaka 2019 mwongozo wa GINA, jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, uliacha kabisa kupendekeza pumu ya watu wazima na vijana itibiwe kwa ile ya bluu pekee, lakini si mwongozo uliowabadilisha wateja wangu. Kilichowabadilisha ni hofu. Kuanzia Aprili 2020 watu ambao hawakuwahi kuiulizia inhela ya kahawia walikuja wenyewe kuitaka, na wakaitumia asubuhi na jioni bila kukosa.

Kwa hiyo namwuliza mwenye uzi: wakati ule ulikuwa ukitumia ya kahawia, na dada yako je?

#5 Nalubaale (Jinja)

Poleni na majukumu. Nitasema jambo ambalo halitawafurahisha wanaodai kwamba pumu ilipungua.

Uganda usafiri wa umma ulisimamishwa tarehe 25 Machi 2020, na tarehe 30 magari ya watu binafsi nayo yakapigwa marufuku. Bodaboda ziliruhusiwa kubeba mizigo tu, abiria hapana. Kafyu ilikuwa kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mgonjwa aliyetaka kupelekwa hospitalini kwa gari alihitaji kibali cha RDC, mwakilishi wa Rais katika wilaya. Baba yangu alibanwa mchana. Simu ya ofisi iliita bila kupokelewa, na jirani mwenye gari alikataa kabisa kuliwasha bila karatasi, wala simlaumu. Nilimketisha Baba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli nikaisukuma. Kwenye kila mteremko nilishika breki kwa mikono miwili naye akinishika shati. Kwenye kila kilima alitaka kushuka atembee ili asinichoshe, na nikamkatalia. Muuguzi alipomwuliza jina, alijibu neno moja moja akivuta pumzi katikati.

Tulifika, na Baba yupo hai. Lakini wangapi hawakufika? Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba wagonjwa wa pumu walipungua hospitalini, namwuliza kwanza kama kulikuwa na njia ya kwenda huko.

#6 Mla Vumbi (Nairobi)

Pole sana kwa Mzee, Nalubaale. Hapo sina mzaha.

Kwa Binti Tanga: mtoto mmoja si takwimu, dada yangu. Sisi Nairobi tuliona wenyewe. Kafyu ilipoondolewa Julai 2020 magari yakarudi, na mimi niliyekuwa sina hata pumu nikaanza kupiga chafya.

#7 Mfamasia wa Kaunta (Mombasa)

Sahihisho dogo. Kilichoondolewa tarehe 7 Julai 2020 ni zuio la kutoka na kuingia Nairobi. Kafyu yenyewe ilibadilishwa saa mara kadhaa na haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Nasema hivi kwa sababu tarehe zitatusaidia kujua kipi kilitangulia kipi, na kwa sababu Mla Vumbi anapenda kufunga uzi kabla haujaiva.

#8 Bi Mkubwa wa Leicester (Uingereza)

Hamjambo nyote. Nimezaliwa Mombasa na nimeishi huku miaka mingi, nina pumu kali, na mwaka 2020 nilipokea barua ya serikali iliyonitaka nisitoke nyumbani kabisa. Watu zaidi ya milioni mbili waliwekwa kwenye orodha hiyo, na wenye pumu kali walikuwamo, ila wenye pumu ya kawaida hawakuwamo. Zuio la nchi lilianza tarehe 23 Machi, na mji wetu wa Leicester ulipata bahati ya kuwa wa kwanza kufungiwa peke yake mwishoni mwa Juni, wakati miji mingine ilikuwa inafunguliwa.

Namjibu Nalubaale kwa heshima. Hapa gari la wagonjwa lilikuja ukiliita, hakuna aliyedaiwa kibali, na bado wanaolazwa kwa pumu walipungua sana. Ni kweli wengine waliogopa hospitali kwa kudhani wataambukizwa humo. Lakini watu hawajizuii kwenda hospitalini kwa miezi wakiwa hawawezi kupumua, na madaktari waliofuatilia walieleza kwamba hata mashambulizi yaliyotibiwa nje ya hospitali yalipungua. Kwa hiyo njia iliyofungwa haitoshi kueleza yote.

Ila mimi mwenyewe sikuwa miongoni mwa waliopata nafuu. Nyumba yangu ina zulia ukuta hadi ukuta, madirisha yalifungwa kwa baridi ya Aprili, na kwenye kona ya chumba cha kulala kuna ukungu mweusi ambao mwenye nyumba huupaka rangi kila mwaka badala ya kuondoa unyevu. Mtu akifungiwa na ukungu na utitiri wa vumbi saa ishirini na nne, usafi wa hewa ya barabarani unamfaa nini?

#9 Mkaazi wa Umoja (Nairobi)

Ahsanteni. Nimjibu Mfamasia. Ya kahawia nilikuwa nayo tangu zamani, nikiitumia nikikumbuka. Mwezi wa Aprili 2020 niliitumia kila siku, kwa hofu kama ulivyosema. Kwa hiyo nakubali kwamba hoja yako imenigusa, lakini hoja ya Mla Vumbi nayo imenigusa, na watoto wa shule hawakuwa wakinikoholea kwenye matatu, kwa hiyo hata Binti Tanga yumo.

Dada yangu hakuwa na ya kahawia. Aliwahi kupewa akaiacha, kwa sababu aliambiwa kwamba steroidi hushusha kinga na korona ikimkuta itammaliza. Jambo la pili ni kwamba alipoteza kazi yake ya usafi katika mkahawa, mtungi wa gesi ulipokwisha hakuujaza, akarudi kwenye jiko la makaa katika chumba kimoja chenye watoto wanne waliokuwa nyumbani mchana kutwa. Mvua ya masika ilipozidi, jiko liliingizwa ndani na mlango ukarudishwa. Jambo la tatu, kila kitu kilipanguswa kwa klorini: kitasa, meza, sakafu, hata viatu.

#10 Mwalimu Mstaafu (Kisumu)

Hilo la tatu ndilo ninalolishuku kuliko yote, na nashangaa mmelipita haraka. Mwaka ule watu walisafisha nyumba kwa hasira. Klorini inapotumiwa katika chumba kisicho na hewa hutoa harufu inayochoma koo la mtu mzima mwenye afya, sembuse mwenye pumu, na walikuwapo waliochanganya na dawa ya choo yenye asidi wakidhani wanaiongezea nguvu, kumbe wanatengeneza gesi ya sumu ndani ya bafu. Kwenye lango la soko moja nilitakiwa kupita ndani ya kibanda kinachonyunyiza dawa mwili mzima. Nilipita nikiwa nimebana pumzi, nikatoka nikibanwa, na nikakaa juu ya gunia la vitunguu la mtu hadi nikatulia. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba watu wasinyunyiziwe dawa kwa hali yoyote ile, lakini vibanda havikung'olewa siku hiyo.

Makaa yanadhuru, sikatai. Ila wengi wetu tumekulia kwenye moshi wa jikoni.

#11 Binti Tanga (Tanga)

Mwalimu, shikamoo. Kukulia kwenye moshi si ushahidi kwamba moshi hauna neno. Bibi yangu alikulia kwenye kuni na alikufa akikohoa, na sisi tukisema ni uzee.

#12 Mwalimu Mstaafu (Kisumu)

Marahaba, mwanangu. Umenipata. Lakini klorini siiachi.

#13 Kondakta Mstaarabu (Dar es Salaam)

Mimi sina la kitaalamu, nina kisa tu. Mwenye pumu mwaka ule alikuwa na adui zaidi ya virusi, naye ni abiria mwenzake. Kijana mmoja alipanda daladala yangu Mbagala, akakohoa, na kabla hatujafika kituo cha pili alikuwa amebaki na kiti kizima peke yake, huku wengine wakining'inia mlangoni. Akatoa inhela akaionyesha juu, akasema kwa sauti: "Ni pumu, jamani, ni pumu tu." Mama mmoja akamjibu kwamba na hiyo pumu aende nayo mbali. Siku hizo nilimjua mwenye pumu kwa namna alivyomeza kikohozi hadi machozi yakamtoka.

#14 Bi Mkubwa wa Leicester (Uingereza)

Hayo ya kumeza kikohozi nayajua. Na barakoa je? Mimi naamini ilinisaidia nilipoanza tena kutoka, hasa katika baridi, kwa sababu hewa ilinifikia ikiwa na joto kidogo.

#15 Mla Vumbi (Nairobi)

Barakoa ya kitambaa ambayo watu waliivaa kidevuni haikumsaidia mtu isipokuwa fundi cherehani.

#16 Mfamasia wa Kaunta (Mombasa)

Kuhusu dada wa mwenye uzi, uvumi kwamba steroidi ya kuvuta ingemletea mtu maafa ya korona ulisambaa sana, na ushauri wa kitaalamu ulikuwa kinyume chake: endelea na dawa yako, usiiache. Baadaye watafiti wa Oxford waliijaribu budesonidi, ambayo ni dawa ya aina hiyohiyo, kwa wagonjwa wa korona waliokuwa nyumbani, na matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba iliwapunguzia muda wa kuugua.

Kulikuwa pia na agizo la kuepuka nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke, inapowezekana, kwa kuwa mvuke wake ungeweza kutawanya virusi chumbani, na badala yake mgonjwa avute inhela kupitia spesa, yaani chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Asiye na pesa ya spesa anaweza kutengenezewa ya chupa ya plastiki ya nusu lita: kitako kinatobolewa kwa waya wa moto kwa umbo la mdomo wa inhela, pembeni panazibwa kwa gundi, na mtoto anavutia kwenye mdomo wa chupa. Msiidharau, kwa maana Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliipima mwaka 1999 wakaona inafanya kazi sawa na ya dukani. Na tafadhali acheni kuichovya inhela majini kuona kama imekwisha. Ina vuta 200, hesabuni.

#17 Mkaazi wa Kigali (Rwanda)

Nimewasoma kimya hadi hapa, na kila mmoja amenishawishi hadi nilipofika kwa anayefuata. Mimi naleta tatizo. Kigali ilifungwa zaidi ya mara mbili, nami nazungumzia mbili za mwanzo: kwanza kuanzia tarehe 21 Machi 2020, kisha tena Januari 2021. Mara zote mbili barabara zilikuwa tupu, shule zilifungwa, nyumba ni ileile, jiko ni lilelile la gesi, na dawa nilitumia ileile. Mara ya kwanza nilipata nafuu kubwa. Mara ya pili nilibanwa karibu kila usiku.

#18 Mla Vumbi (Nairobi)

Uliugua korona katikati yake?

#19 Mkaazi wa Kigali (Rwanda)

Niliugua Desemba, ndiyo. Lakini mke wangu, ambaye hana pumu, aliugua pamoja nami na hakubaki na chochote. Daktari mmoja aliniambia kwamba ni mabaki ya ugonjwa ule, mwingine akasema ni wasiwasi, kwa kuwa nilipumua haraka haraka kila nilipofikiria usiku unakuja.

#20 Nalubaale (Jinja)

Wasiwasi msiuchukulie kuwa ni kujifanya. Baba alikuwa akianza kubanwa inapokaribia saa moja jioni, saa ya kafyu, kwa kujua kwamba baada ya hapo hakuna pa kukimbilia. Tulipofungiwa tena Juni 2021 kwa siku 42 tulikuwa tumejipanga: inhela mbili, spesa, vidonge vya prednisoloni (steroidi ya kumeza) vyenye maelekezo ya daktari, na barua ya kliniki. Hakubanwa hata kidogo, na vidonge hakuvigusa.

Bi Mkubwa, nimekuelewa kuhusu Leicester. Ila nchi yenye gari la wagonjwa isitumike kuisemea nchi yenye baiskeli.

#21 Binti Tanga (Tanga)

Mkaazi wa Umoja, hujatuambia pumu yako ilirudi lini. Ikiwa ilirudi siku ulipopanda matatu, Mla Vumbi ameshinda. Ikiwa ilirudi shule zilipofunguliwa, nimeshinda mimi.

#22 Mkaazi wa Umoja (Nairobi)

Ilirudi Januari 2021. Kazini tuliitwa mwezi huohuo, na wanafunzi wote wa Kenya walirudi shuleni tarehe 4. Na ya kahawia nilikuwa nimeanza tena kuisahau, maana nilijiona mzima. Yote matatu kwa pamoja.

Nimempigia dada yangu simu na kumsomea majibu yenu. Amecheka sana kwa habari ya gunia la vitunguu. Anasema mnakosea kuhusu makaa, kwa kuwa alirudi kwenye gesi mwezi wa Septemba na hali haikubadilika, na klorini aliiacha kabla ya hapo kwa sababu ya bei. Anasema kwamba yeye amekuwa akimshuku paka.

#23 Mla Vumbi (Nairobi)

Paka gani?

#24 Mkaazi wa Umoja (Nairobi)

Watoto walimwokota Mei 2020, shule zikiwa zimefungwa, akakaa kwa sababu ya panya. Alikuwa akilala kwenye kitanda cha dada yangu, upande wa miguuni.

#25 Mfamasia wa Kaunta (Mombasa)

Hilo lingetajwa kwenye bandiko la kwanza, ndugu yangu. Wenye mzio wa paka hubanwa hata na nguo za mwenye paka, na vumbi lake hubaki chumbani kwa miezi baada ya mnyama kuondoka. Hata hivyo haiondoi habari ya inhela ya kahawia. Je, huyo paka bado yupo?

#26 Mkaazi wa Umoja (Nairobi)

Yupo, na amezaa. Watoto hawataki kusikia habari ya kumhamisha, na dada yangu anasema mwaka huu hajabanwa.